Kiganja Mlangoni pa Jumba la Uwazi

Nchi ninayoisimulia haipakani na yenu. Nasema mapema kwa sababu wapo wasomaji wenye tabia ya kusoma ukurasa mmoja kisha kuchungulia dirishani. Chungulieni mnavyotaka, mimi simo. Nchi hiyo ina bendera yake, ina wimbo wake, ina Wizara ya Sura ya Mji na Mambo Mengineyo, na mimi nilikuwa mpita njia tu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo walijenga jumba. Ghorofa kumi na nne za zege tupu, kijivu kuanzia msingi mpaka paa, limekaa katikati ya mji kama jiko la mkaa lililosahauliwa sebuleni. Halina plasta, halina rangi. Ukilisogelea unaona alama za mbao zilizolishikilia zege lilipokuwa bichi, unaona vichwa vya misumari, na ghorofa ya tatu upande wa magharibi kuna alama ya ndala ya mguu wa kushoto. Madirisha yake ni kumi na moja, membamba, kiasi cha kupitisha barua. Jina lake ni Jumba la Uwazi.

Lilichorwa na mtaalamu kutoka nje, bwana mpole ambaye hakuwahi kulala nchini zaidi ya siku nne mfululizo. Yeye alieleza kwamba plasta ni uongo, na rangi ni uongo uliopakwa juu ya uongo, bali zege tupu husema kweli. Serikali ilifurahi mno kusikia kwamba ukweli unaweza kuchanganywa kwenye mashine, ukasukumwa kwa toroli na kuganda. Wakatia saini siku hiyohiyo.

Sasa sina budi kuwaeleza desturi moja ya watu wa huko, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwao nyumba haihesabiwi imekwisha mpaka ipigwe plasta, na plasta haihesabiwi imekwisha mpaka mama mwenye nyumba abandike kiganja chake cha kulia kwenye plasta mbichi kando ya mlango, upande wa kuingilia, usawa wa bega. Siku hiyo ndipo majirani wanaposema hongera. Kabla ya hapo wanasema pole. Kabla ya hapo, tena, hakuna mwenye adabu anayeingia mikono mitupu: ukipiga hodi kwenye nyumba isiyo na kiganja unabeba chochote cha ujenzi, karai la mchanga, kopo la chokaa, hata msumari mmoja ulionyooshwa. Na watu wawili wakigombea nyumba, hakimu hasomi karatasi. Anakwenda mlangoni anasema, "Mama, weka mkono." Mkono ukienea, kesi imekwisha. Nilikuwa mpita njia, lakini desturi hiyo niliipenda, maana karatasi nazijua.

* * *

Siku ya uzinduzi Waziri wa Sura ya Mji, Mheshimiwa Zefania Mkumbukwa, alihutubia kwa saa mbili na dakika arobaini. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwenye suti tatu za kijivu alizozishonesha makusudi zifanane na jengo.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wapo wanaouliza jumba hili ni la nani. Jumba hili ni lenu! Zege hili ni ninyi! Ni gumu kama ninyi, limenyamaza kama ninyi, linabeba mzigo bila kuuliza maswali kama ninyi!"

Wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wameitwa kwa ajili hiyo. Kisha Waziri akakunja karatasi zake, akatabasamu, akasubiri hongera. Wananchi walikuwa wanautazama mlango. Walitazama upande wa kuingilia, usawa wa bega. Wakatazama upande wa pili. Wengine wakainama, labda fundi alikosea vipimo. Hapakuwa na kiganja.

Ikawa aibu, kama ile ya mgeni anayefika kabla chakula hakijaiva. Mwishowe mama mmoja wa mstari wa mbele, Bi Hidaya, mke wa Fundi Mbaruku mpiga plasta, akaona haifai kumwacha mtu mzima amesimama vile. Akasema kwa upole, "Poleni na ujenzi, baba. Mungu awajalie mmalizie."

"Poleni!" uwanja mzima ukaitikia kwa nafuu. "Kidogo kidogo mtafika!" Na mzee mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, "Msikate tamaa! Mimi nilikwama kwenye linta miaka sita!"

Bi Hidaya hakusema vile kwa kejeli. Alikuwa anajua. Mumewe ndiye aliyepiga plasta nusu ya nyumba za mji ule, na kwa kuwa mganga hajigangi, nyumba yake mwenyewe ilikaa tofali tupu kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa wageni waliingia na makarai ya mchanga na kumwambia pole. Alizaa kwenye pagale, akaozesha kwenye pagale, akauguza kwenye pagale. Mwezi huo tu ndipo Fundi Mbaruku alipopiga plasta kwao, na Bi Hidaya akabandika mkono. Tangu siku hiyo kila akitoka alikigusa kiganja chake pale ukutani, kana kwamba anaiaga nyumba, na kila akirudi alikigusa tena. Watu walimcheka kidogo, yeye hakujali.

* * *

Kuanzia kesho yake mambo yakawa mabaya kwa Wizara, yaani watu wakawa wema. Kila mwananchi aliyekwenda Jumba la Uwazi kufuata kibali, leseni, au kibali cha kuombea leseni, alibeba kitu. Walinzi walijaribu kueleza kwamba jengo limekamilika. Wananchi waliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mgonjwa anayesema hajambo, wakamimina mchanga wao mlangoni. Chama cha akina mama washonaji kilileta nusu mfuko wa saruji na kikaratasi kilichoandikwa: *Serikali yetu, hakuna aliyemaliza kwa siku moja.* Mwisho wa mwezi lundo lilifika kwenye dirisha la kwanza, na dirisha likabaki wazi kwa jina tu.

Waziri akaamuru kibandikwe kibao: NI MARUFUKU KUIHURUMIA SERIKALI. Kibao hicho nimekiona kwa macho yangu. Chini yake mtu alikuwa ameacha misumari minne, mipya, imefungwa kwa uzi.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Maoni Huru, ili maoni yajulikane na yakome. Fomu ilikuwa na swali moja: "Je, Jumba la Uwazi linakupendeza kiasi gani?" Majibu yalishachapwa, kumpunguzia mwananchi usumbufu: Linapendeza. Linapendeza mno. Nimekosa maneno. Chini kabisa paliachwa mstari mfupi wa "Mengineyo", kwa sababu neno hilo limo kwenye jina la Wizara na mwanasheria alisema hakuna namna.

Makarani wakasambazwa mitaani. Mtaa wa Chokaa, anakokaa Fundi Mbaruku, ulimwangukia Karani Yusta, dada mmoja mwenye mwandiko mzuri na viatu vilivyochoka.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umebeba nini?" Bi Hidaya aliuliza kutoka ndani, kisha akacheka kwa sauti. "Nakutania, mwanangu. Siku hizi kwangu watu wanaingia mikono mitupu. Si unakiona kiganja hicho?"

"Shikamoo, mama. Nakiona."

"Marahaba."

Yusta alisogea karibu. Kiganja kilikuwa kimetoka safi, mpaka mistari ya mkono ilisomeka. Kidole cha mwisho kilipinda kwenda nje. Tofali lilimwangukia Bi Hidaya katika mwaka wa saba wa ujenzi na kidole hakikunyooka tena. "Ni kizuri, mama, sijaona kingine kama hiki mji mzima," Yusta alisema, na alisema kwa dhati. Akakiandika kwenye daftari lake, kidole na yote, maana alifundishwa kuandika kila kitu.

"Haya mama, Jumba la Uwazi. Linapendeza, linapendeza mno, au umekosa maneno?"

"Maneno ninayo."

"Basi hayo ni mengineyo."

"Andika: bado plasta. Na uandike kwamba sisemi kwa ubaya. Nimekaa kwenye pagale nalijua linavyochosha roho."

Fundi Mbaruku, aliyekuwa uani akiosha mwiko, akadakia: "Waambie wanipe mafundi wanane na mbao za kupandia, miezi minne naliweka sawa. Zege lao si baya hata kidogo. Liko uchi tu, maskini."

Yusta akaiandika hiyo pia.

* * *

Fomu zikarudi. Watu tisini na saba katika kila mia walikuwa wameandika maneno mawili kwenye mstari wa mengineyo. Waliobaki watatu walikosa maneno, na uchunguzi ulionyesha hawakujua kusoma.

Kamati ilijifungia siku kumi na moja katika hoteli yenye bustani ili kuelewa maana ya "bado plasta". Wangeweza kumwuliza mhudumu wa chai, lakini mhudumu hakuwa mjumbe. Hatimaye wakaandika kwamba wananchi wanasumbuliwa na tofauti iliyopo kati ya Jumba na nyumba zao. Tofauti, Kamati ikaeleza, huondolewa kwa njia mbili: kupiga plasta Jumba, au kubandua plasta ya nyumba. Baada ya mjadala mrefu wakachagua njia yenye kuta fupi.

"Mmesema, tumesikia, tena tumesikia kuliko mlivyosema!" Mheshimiwa Mkumbukwa alitangaza redioni. "Nchi haiwezi kuwa na jumba moja linalosema kweli na nyumba laki tatu zinazodanganya. Kuanzia Jumatatu inaanza kutumika Sheria ya Ukweli wa Kuta. Plasta yote ibanduliwe. Atakayekaidi, nyumba yake itahesabiwa kuwa shahidi wa uongo na itabomolewa."

Na nani anayejua kubandua plasta bila kuangusha ukuta? Wapiga plasta wenyewe. Serikali haikosi ubunifu. Fundi Mbaruku aliitwa, akapewa koti la kijivu, tindo mpya, nyundo, na cheo cha Mtaalamu Mbanduaji Daraja la Pili. Daraja la kwanza alipewa binamu wa mtu ambaye sitamtaja, aliyekuwa na duka la simu.

Jioni alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Alhamisi nimepangiwa mtaa wetu," akasema.

"Na kwetu?" Bi Hidaya aliuliza.

"Kwetu ni nyumba ya nane."

Bi Hidaya aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Mumewe hakuthubutu kumtazama.

"Miaka kumi na tisa, Mbaruku," akasema. "Miaka kumi na tisa watu wananiambia pole, mpaka ikawa kama jina langu. Hongera nimeambiwa kwa siku arobaini na moja. Nimezihesabu."

"Nikikataa watabomoa yote."

"Sijakwambia ukatae. Nakwambia ninavyoumia."

Hapo sina kejeli. Wapo watu ambao nyumba kwao ni mahali pa kulala, na wapo ambao nyumba ni yale yote waliyojinyima. Ukibandua ukuta wa mtu wa pili unambandua ngozi.

* * *

Jumatatu ileile Sheria ilipoanza, mama yake Waziri, Bibi Yuditi, alifika kutoka shamba kuja kuona ofisi ya mwanawe. Alisafiri kwa saa tisa ndani ya basi akiwa amepakata kopo la chokaa, kwa sababu huko kwao alisikia kwamba kijana bado anajenga. Zulia lilitandikwa. Waziri akashuka mwenyewe kumpokea. Bibi Yuditi akafika mlangoni, akatazama upande wa kuingilia, usawa wa bega, akageuka, akaenda kuketi juu ya lundo la mchanga.

"Mama, karibu ndani. Chai iko tayari."

"Kunywa wewe. Mimi siingii kwenye pagale na miguu hii. Likiniangukia?"

"Limekwisha, mama. Hivi ndivyo lilivyo."

"Limekwisha kasema nani?"

"Sheria imesema."

"Sheria ina mkono?" Bibi Yuditi aliuliza. "Baba yako alikuwa hana ng'ombe hata mmoja, lakini mlangoni kwake mkono wangu uko mpaka leo. Wewe una magari manne yanayofuatana, mlangoni kwako hakuna hata kidole. Nikwambie hongera ya nini?"

Akakaa pale siku ya kwanza, akakaa ya pili. Usiku alilala kwa binti wa dada yake, asubuhi akarudi kwenye mchanga wake na kopo lake. Waandishi wa habari wakaanza kupita wakijifanya wamepotea njia. Kila aliyeingia jengoni alimwamkia bibi kwanza, na bibi alimjibu kila mmoja, "Marahaba. Mwombeeni mwanangu amalizie." Kwa mtu aliyepongezwa na mabalozi na kupigiwa mizinga, kule kunyimwa hongera na mama yake kulimkata Waziri maini. Nilimwonea huruma kwa karibu dakika nzima.

Siku ya tatu akaamua: kiganja lazima kipatikane. Lakini mkataba wa mtaalamu ulikataza plasta mbichi isiguse Jumba hata kwa upana wa kucha. Mwanasheria wa Wizara, ambaye kwa kawaida alilala baada ya chakula, aliamshwa, akausoma mkataba, akagundua kwamba plasta iliyokwisha kukauka kwingine, ikiletwa na kufungwa kwa bolti, si plasta bali ni pambo. Ikabaki kutafuta kiganja kikavu. Wakafungua madaftari ya Maoni Huru, na pale, kwa mwandiko mzuri kabisa, wakakuta: *Mtaa wa Chokaa, nyumba ya nane. Kiganja kizuri kuliko vyote mjini.*

* * *

Alhamisi saa tatu asubuhi Karani Yusta alifika nyumba ya nane na barua yenye mhuri, macho yamemvimba.

"Ni mimi, mama," akasema kabla ya salamu. "Ni daftari langu. Sikujua."

Bi Hidaya alipokea barua akaisoma amesimama, Fundi Mbaruku na tindo yake wakiwa nyuma yake. Ilisema kwamba kiganja kitatwaliwa kwa manufaa ya umma, kikiwa kizima, na kufungwa mlangoni pa Jumba la Uwazi, upande wa kuingilia, usawa wa bega. Sehemu nyingine za ukuta zingebanduliwa Jumatatu inayofuata, kwa ratiba. Aliisoma mara ya pili, polepole zaidi.

"Mlangoni?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Upande wa kuingilia."

"Ndivyo walivyoandika."

"Na wanautaka mkono huuhuu wangu ulivyo? Hawataukwangua, hawatachora mwingine juu yake?"

"Hapana, mama. Wamesisitiza usiguswe."

Bi Hidaya alilia. Msidhani hakulia, alilia kwa kwikwi, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa ukutani, mpaka majirani wakatoka. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga, akamgeukia mumewe.

"Mbaruku, kata."

"Siwezi, Hidaya."

"Utaweza. Hakuna mwingine wa kukitoa bila kukivunja. Kata pana, nyuma uende mpaka kwenye tofali. Kidole kilichopinda kikipata ufa hata kama unywele, mimi na wewe basi."

Majirani walidhani uchungu umempanda kichwani. Fundi Mbaruku alikata kutwa nzima. Alifuata ukingo taratibu, akipuliza vumbi kwa mdomo, akilowesha kwa kitambaa, na alipomaliza kikatoka kipande kama sinia, kizima, bila ufa. Kando ya mlango likabaki tundu. Jirani wa kwanza aliyeingia kuwapa pole alikuwa na karai la mchanga kichwani.

* * *

Ijumaa kiganja kilifungwa kwa bolti nne huku bendi ikipiga. Ili mtu yeyote asije akasema pambo hilo ni la kuazima, Waziri alichapisha tangazo katika Gazeti la Serikali, nalo alilisoma mwenyewe mbele ya umati: "Kiganja kilichopo mlangoni pa Jumba la Uwazi ni halali na halisi, kina nguvu zote zinazotambuliwa na desturi yetu tukufu, na hakitapingwa wala kubanduliwa na mahakama, mamlaka au mtu yeyote, *akiwemo Waziri*." Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa unyenyekevu.

Bibi Yuditi aliinuka kwenye mchanga, akasogea, akavaa miwani.

"Mkono wa nani huu?"

"Wa taifa, mama."

"Taifa lina kidole kilichopinda?"

"Mama, si umekiona kiganja? Haya, sema basi."

"Hongera anapewa mwenye mkono," bibi akajibu. "Mwiteni nimpe."

Hakuwa na haja ya kuitwa. Umati ulipasuka katikati, Bi Hidaya akapita. Alikuwa amejifunga khanga mpya, amebeba mkeka kwapani na jiko mkononi. Nyuma yake alikuja mumewe na mwiko, halafu Mtaa wa Chokaa wote, na mwisho kabisa hakimu, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu na kwa sababu hiyo alikuwa jasiri kupita kiasi.

"Mheshimiwa hakimu," Bi Hidaya akasema, "nimekuja kuhamia kwangu."

Mwanasheria wa Wizara akaruka. "Pingamizi! Kiganja hicho ni mali ya taifa!"

"Vizuri," hakimu akasema. "Taifa liweke mkono."

Wakatazamana. Kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, Mheshimiwa Mkumbukwa akavuta pumzi, akapandisha mkono wa koti, akabandika kiganja chake. Kilikuwa kinene na laini, kikafurika pande zote mpaka kikaufunika ule mwingine, lakini kidole cha mwisho kikabaki kimenyooka kama rula. Hata askari wa gwaride walicheka, wakiwa wamesimama wima.

"Mama, weka mkono," hakimu akasema.

Bi Hidaya aliweka jiko chini. Kiganja kikaingia mahali pake, kidole kilichopinda kikakaa kwenye upinde wake, na yeye akafumba macho kidogo, kama alivyozoea anapotoka na anaporudi.

"Kesi imekwisha," hakimu akasema.

"Haijaisha! Kibandueni!" Waziri akapiga kelele. "Kibandueni sasa hivi!"

Fundi Mbaruku akaangalia tindo yake, akamwangalia Karani Yusta. Yusta akafungua Gazeti la Serikali na kusoma, kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni halafu ikaacha kutetemeka: "Hakitapingwa wala kubanduliwa na mahakama, mamlaka au mtu yeyote, akiwemo Waziri."

* * *

Mwenye nyumba mpya hakuwa na makuu. Alichagua ghorofa ya chini, kwa sababu ya magoti. Aliagiza ratiba ya kubandua Mtaa wa Chokaa, pamoja na mitaa mingine yote, itolewe kabatini na kuletwa mlangoni, na kwa kuwa jiko lilikuwa limezimika, ikafaa. Mchana huohuo Fundi Mbaruku alirudi mara moja nyumbani kuziba tundu, na Bi Hidaya akaenda naye kubandika mkono wake upya. Siku arobaini na moja zikaanza kuhesabiwa tena kuanzia moja. Kisha wakarudi jumbani wakaanza kuchekecha mchanga, ambao kwa bahati ulikuwepo wa kutosha.

Jumatatu asubuhi Mheshimiwa Zefania Mkumbukwa alifika kazini na magari yake manne. Mlangoni alikuta mkeka, na juu ya mkeka Bi Hidaya na Bibi Yuditi wakinywa chai ya tangawizi. Kile kibao kilichokataza huruma kilikuwa kimelazwa chini, kinachanganyiwa plasta.

"Nina kikao ghorofa ya kumi na mbili," akasema.

"Hodi hupigi?" mama yake akauliza.

Waziri akarudi hatua moja nyuma. "Hodi."

"Hodi ya mikono mitupu?" Bi Hidaya akasema, bila ukali. "Nyumba yangu haijaisha, baba. Unaiona mwenyewe."

Waziri aligeuka akawatazama walinzi, nao walikuwa wanatazama viatu vyao. Alitazama magari, nayo yalikuwa yamezimwa. Bibi Yuditi akainuka, akachota mchanga kwenye lundo akajaza karai, akampa.

"Beba, mwanangu. Hata baba yako alibeba."

Akalipandisha kichwani. Mchanga ukaanza kumwagika taratibu, ukamwingia kwenye kola, ukashuka ndani ya suti ya kijivu. Akasimama mbele ya mlango wa Jumba la Uwazi, shingo imekaza, mikono miwili imeshikilia ukingo wa karai.

"Hodi," akasema tena.

"Karibu, baba," Bi Hidaya akamjibu. "Mimina pale kwa fundi, halafu ukalete lingine. Bado plasta."